Mtu wa Maji Mlangoni pa Mwanawe

Tulikosana siku ya kwanza kwa sababu ya sufuria. Nilikuwa nimefungua hoteli yangu wiki hiyo hiyo, chumba kimoja na kibaraza nyuma ya maduka ya Kisii mjini, nami nilikuwa nimeinama mlangoni nikisuuza sufuria ya maharagwe na kumwaga maji barabarani. Akapita mwanamume mrefu, mkavu, mwenye kofia ya kaki, kwapani amebana spana kubwa iliyofungwa kipande cha gunia. Akasimama. Hakunisalimu.

"Hiyo maji umemwaga, umemalizana nayo?"

Nikamwambia ni maji machafu.

"Ni chafu kwa sufuria. Mgomba haijui mambo ya sufuria."

Nikamwuliza yeye ni nani hata anisimamie mlangoni pangu kama askari. Muuza ndizi wa jirani akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyo ni Mtu wa Maji," akaniambia. "Mkosee uone. Utapika na mate."

Jina lake nalijua, lakini sikulitumia hata siku moja, na sitaanza leo. Mji mzima ulimwita Mtu wa Maji. Aliajiriwa na baraza la mji kufungua na kufunga mabomba, na bomba la watu wote lilikuwa mkabala na mlango wangu. Kwa miaka mingi nilimwona yeye kuliko nilivyomwona mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye chai huko Itumbe na kurudi mwisho wa mwezi akiwa na njaa na maneno mengi.

Mgeni akiambiwa Kisii haina maji hudhani anataniwa. Vilima ni kijani mwaka mzima, na alasiri nyingi mvua hutupiga hadi tukajibanza kwenye vibaraza vya Wahindi. Lakini mvua ni mvua, na bomba ni bomba. Baada ya uhuru watu walimiminika mjini kutafuta kazi, vyumba vya kupanga vikaota kila kona, na pampu ya mtoni ikabaki ile ile ya zamani, ya maduka machache na nyumba za wakubwa. Maji yakipandishwa kwenye tangi la mlimani, yalianza kwa wakubwa waliokaa juu. Yaliyosalia ndiyo yaliteremka kwetu, kwa muda wa saa moja asubuhi, na nusu saa jioni kama Mungu amependa. Mtu wa Maji ndiye aliyezungusha spana. Kwa hiyo wa juu walimwona mvivu na wa chini tulimwona mwizi.

Alikuwa na sheria zake, ambazo hazikuandikwa popote. Debe halikujazwa hadi mdomoni. Alipima vidole vitatu kutoka juu, akafunga. Ukilalamika alikujibu kwamba hivyo vidole vitatu ungevimwaga njiani hata hivyo, na barabara haijaomba maji. Kisha ilikubidi utie majani juu ya maji ili yasiruke unapotembea. Mama zetu walifanya hivyo wakitoka chemchemini, lakini sisi wa mjini tulikuwa tumejifanya wajanja, tukaacha. Mwanamke asiye na majani alirudishwa nyuma ya foleni. Nimeona karani wa kike, viatu virefu na mkoba, akichuma majani ya ua huku akitukana kimoyomoyo.

Methali moja alikuwa haipendi kabisa, ile ya kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Alisema ilitungwa na mtu mvivu. "Yanazoleka," alisema. "Weka beseni chini kwanza, ndiyo umwage." Kwangu alinifundisha kuosha vyombo kwa mabeseni matatu: la tatu la leo likawa la pili kesho asubuhi, la pili likawa la kwanza, la kwanza likaenda kwa mgomba. Nilikataa mwezi mzima kwa ukaidi tu. Nilipokubali, nikagundua kwamba napika ugali siku ambazo hoteli nyingine zimefunga. Sikumwambia asante. Nilimwekea chai yenye maziwa mengi, naye akainywa amesimama, akakitikisa kikombe akaangalia kama kimebaki kitu, akakimalizia.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa mabati. Alisimama katikati ya barabara mvua ikinyesha, amelowa chapa chapa, akitazama maji yanavyomwagika kutoka kwenye mapaa na kukimbilia mtaroni. "Mabati yote hii," alisema, "na hakuna mtu ameweka gata." Mwenye nyumba wangu alikuwa mmoja wa wale wabishi. Alidai gata, ule mfereji wa bati wa kukinga maji ya paa, itaozesha kuta zake. Basi siku moja Mtu wa Maji alikuja na madebe ya zamani aliyoyapasua na kuyanyoosha, akapanda juu ya meza yangu ya wateja, akaigongomea gata kwenye kibaraza bila ruhusa ya mtu. Mwenye nyumba alifika akitoa povu. Alikuwa bado anatukana mvua ilipoanza, na pipa langu likajaa wakati ule ule yeye anaapa kutufukuza sote wawili. Kabla mvua haijakatika, mke wake mwenyewe alikuwa mlangoni pangu na beseni. Nilicheka hadi machozi. Mtu wa Maji hakucheka. Alikuwa anaangalia mahali ambapo maungio ya gata yalivuja.

Usidhani alikuwa mtu wa kunyooka kama rula. Alikuwa Msabato wa kushika dini, na Ijumaa jua lilipotua alimkabidhi spana Mkatoliki mmoja wa idara yake asiyejali sana kazi. Jumamosi alikwenda kanisani na suti nyeusi. Lakini njia ya kwenda kanisani haikupita kwangu, na bado kila Sabato nilimwona akipita, Biblia mkononi, mwendo wa pole pole, jicho moja kwenye foleni. Nikamwambia, "Tata," kama tunavyowaita wazee kwetu, "leo ni siku ya kupumzika." Akanijibu kwamba macho hayajaajiriwa na baraza. Na yule yule aliyewarudisha watu nyuma kwa ajili ya majani, mwanamke aliyetoka kujifungua alimjazia debe hadi mdomoni, nje ya foleni, halafu akiulizwa anakana kwa hasira.

Jambo lililomkondesha lilikuwa kwamba hakuwa na pa kutokea. Wakubwa wa juu wakikosa maji ya kuogea, alipelekewa barua. Akiwapa wao, sisi tulimzomea. Kila kiangazi cha Januari pampu iliharibika, naye ndiye aliyesimama mbele ya madebe matupu na kueleza mambo ambayo si yeye aliyeyaharibu. Mara tatu aliomba kuacha kazi. Mara tatu aliambiwa angoje apatikane wa kushika mahali pake, na hakuna aliyetaka. Akienda kwao kwa mazishi, alitumiwa mtu kabla jeneza halijashuka.

Kiangazi kimoja tulikaa siku tano bila tone. Siku ya tano alikuja kukagua bomba, akaingia kwenye kile kibanda cha mabati alimoweka vifaa vyake, na sisi wanawake tukamfungia humo. Sijui nani alianza. Najua nani aliegemeza mgongo kwenye mlango, kwa sababu ni mimi. Tulimwambia hatoki mpaka maji yatoke. Tulitarajia apige kelele. Tulimsikia akipindua ndoo tu. Jua likapanda, mabati yakawa moto wa kuchoma mkono, sisi wenyewe tukaanza kuogopa. Alasiri tukafungua. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, shati limemganda mwilini, midomo imepasuka.

"Mmefungia mtu mkavu kama nyinyi," akasema. "Sasa mmepata nini?"

Hakuna aliyekuwa na hata kikombe cha kumpa. Nimewahi kufanya mabaya mengine maishani, lakini hilo ndilo linanirudia nikiwa peke yangu.

Mwishowe alipata kijana wa kumwachia spana, akaenda zake nyumbani Kiogoro, karibu na mji, kwenye nyumba yake ya nyasi na shamba lake la ndizi na kahawa kidogo. Mkewe alikuwa ameshafariki. Nilifurahi kwa ajili yake. Nilisema, sasa ataamka na asiulizwe maji na mtu.

Hapa inabidi nieleze jambo moja la kwetu. Sisi Wagusii tuna kitu tunachokiita ensoni, ile haya kati ya mzazi na mtoto wake aliyeoa. Baba haingii katika nyumba ya mwanawe. Si kwa chai, si kwa mvua, si kwa ugonjwa. Hata kuchungulia ndani ni aibu, kwa sababu humo ndimo mwanawe na mke wake wanamoishi. Nyumba ikiwa bado inajengwa, haina mlango wala moto, mzee anaweza kuingia akashika hata msumari. Siku mke wa mwanawe anapowasha moto jikoni, imekwisha. Ikitokea akaingia, ni jambo la kuchinja mbuzi na kutakaswa, na hata baada ya mbuzi watu hawasahau.

Mwanawe alikuwa karani Nairobi, kijana mwema. Alijenga nyumba ya mabati hatua thelathini kutoka kwa babake, na babake akawa fundi wake wa maji bila kulipwa. Safari hii hakuna mwenye nyumba wa kumkataza. Aliweka gata pande zote. Alisimamia tangi la saruji nyuma ya nyumba na kuamuru lifunikwe kwa mfuniko mzito wa saruji, watoto wa majirani wasije wakachezea. Kisha likaja swali la bomba. Mwanawe alitaka liwe nje, ukutani mwa tangi. Yeye akakataa. Bomba la nje, alisema, kila mpita njia analifungua na hakuna anayelifunga. Bomba linatakiwa kuwa mahali ambapo mwenyewe atalisikia likidondoka. Akaichukua paipu, akatoboa ukuta, akaifikisha jikoni, akakaza bomba kwa mkono wake mwenyewe. Wakati ule chumba kilikuwa hakina hata sakafu.

Alikuwa anafikiria maji tu. Kwamba siku moja moto utawashwa mle jikoni, na kila tone la mvua ya shamba lake litakuwa upande wa pili wa ukuta asioweza kuupita, hilo halikumjia. Alinieleza mwenyewe, nilipokwenda kumwona mara ya kwanza na kukuta maji yake ya siku yamewekwa mlangoni kwenye mtungi, yamefunikwa sahani. Mke wa mwanawe alimletea kila asubuhi, kwa heshima, macho chini, akarudi. Hakumpunja hata siku moja. Lakini akikawia sokoni, mzee alikaa na kiu hadi arudi.

"Si umwambie kijana alitoe nje?" nikamwuliza.

Akanitazama kana kwamba nimevua nguo. "Nimwambie kwamba naangalia jikoni ya bibi yake?"

"Basi nimwambie mimi."

"Yaya," akasema, na hiyo kwetu ni hapana. "Atauliza nani alikutuma."

Nami nikanyamaza. Nilikuwa na biashara, nilikuwa na watoto, nikajiambia kwamba mambo ya nyumba ya mtu ni ya wenyewe. Mwanawe nilikuwa nikimwona kila mwisho wa mwezi akishuka kwenye basi mjini. Alikula kwangu. Ningeweza kumwambia akila maharagwe yake, na sikumwambia.

Mara ya mwisho niliyomwona akiwa bado na nguvu zake ilikuwa Jumapili moja ya Februari. Kiangazi kilikuwa kimekaza, migomba imekunja majani, na chemchemi ya bondeni foleni yake ilianza kabla ya mapambazuko. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya jikoni ya mwanawe, kando ya mlango, uso ameuelekeza ukutani. Nikamsalimu. Akainua mkono ninyamaze.

"Sikiza."

Nilisikia kuku. Kisha, nilipotulia, nikasikia: tone. Ukapita kama muda wa kumeza mate, likaanguka jingine.

Bomba la jikoni lilikuwa likidondoka kwa wiki tatu. Ile ngozi ya ndani ya bomba, mafundi wanaiita wosha, ilikuwa imelika. Alikuwa amekata nyingine kutoka kwenye kiatu chake cha zamani, nzuri, ya mviringo kamili, akaiacha kwenye mtungi mtupu ili mke wa mwanawe aione. Aliiona. Akaiweka juu ya kabati amngoje mume wake. Aliweka na sufuria chini ya bomba, lakini sufuria hujaa na kumwagika mtu akiwa shambani. Kila asubuhi mzee aligonga ukuta wa tangi kwa kifundo cha kidole, kuanzia juu, akisikiliza mahali sauti inapobadilika, ndipo maji yalipofika. Asubuhi hiyo ilikuwa imebadilika chini ya goti lake. Ndiyo maji yote ya nyumba mbili na mtoto mchanga mpaka mvua ya Machi, kama ingekuja Machi.

"Mwite fundi wa jirani," nikasema.

"Mimi? Watu waseme bomba ya Mtu wa Maji inavuja?" Akaenda nyumbani kwake akarudi na spana, ndogo, yake mwenyewe. "Mama wa mtoto ameenda chemchemini. Wewe ensoni haikuhusu. Ingia."

Nikamwuliza maji nitayafunga wapi kwanza. Akaangalia chini. Alisema hakuna pa kuyafunga, hakuweka koki huko nje, aliona ni kupoteza chuma. Lakini ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Nifungue kichwa cha bomba, nizibe tundu kwa gumba, nitoe ngozi ya zamani, nitie mpya, nirudishe. Yeye alikuwa amefanya hivyo miaka yote na hajamwaga hata kikombe.

Niliingia. Yeye akasimama nje akaupa mlango mgongo, akawa anaongea na migomba yake. "Umeshika? Zungusha kama unafungua chupa. Pole pole. Bado. Sasa gumba liwe tayari." Nikazungusha. Kichwa kiliachia ghafla, maji yakanipiga kifuani, nami nikashtuka kama mjinga nikakidondosha. Kikabingirika chini ya kabati. Nikaweka gumba. Likateleza. Nikaweka viganja vyote viwili, yakanipitia kati ya vidole.

"Gumba!" akaita.

"Halishiki, Tata!"

Kwa mguu nikavuta sufuria, ikajaa. Nikavuta beseni, likajaa. Kisha hapakuwa na chombo kingine cha karibu, na maji yakaanza kwenda sakafuni, yakaelekea mlangoni. Nikamwita aingie. Nikamwita tena, kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea mzee. Nilipogeuza shingo, alikuwa amegeuka. Alisimama kizingitini, vidole vya miguu vimefika kwenye ubao na havikuuvuka, maji yanatoka yakipita juu ya miguu yake. Macho alikuwa ameyafumba kabisa, asione ndani ya nyumba ya mwanawe. Mkono wa kulia alikuwa ameunyoosha mbele, gumba limesimama tayari. Tulitengana hatua nne.

"Tata, hakuna mtu anaona!"

"Mimi niko," akasema.

Niseme ukweli: nilimchukia wakati ule. Niliwaza nitoke, nimshike mkono huo, nimvute. Ningeweza, alikuwa mwepesi. Lakini niliuona uso wake, namna ulivyokuwa ukisikiliza maji yakienda, na nikajua kwamba nikimvuta nitakuwa nimemwokolea maji na kumwondolea kila kitu kingine. Nikabaki na viganja vyangu juu ya tundu. Yalichukua muda mrefu kuisha. Yalipungua yakawa mkondo wa unene wa kidole, kisha wa uzi, kisha paipu ikakohoa mara mbili: tangi lilikuwa tupu.

Hakufumbua macho. "Sasa tafuta kichwa," akasema taratibu. "Weka wosha mpya. Saa hii ni rahisi."

Nililala kifudifudi kwenye tope la saruji nikakitoa chini ya kabati. Nikatoa ngozi ya zamani, iliyolika upande mmoja, nikatia aliyoikata yeye, iliyokuwa juu ya kabati. Ilikaa barabara. Akaniambia nikaze, si sana, ngozi ni mpya. Nikakaza. Nikafungua na kufunga mara mbili kama alivyoniagiza. Nilipotoka alikuwa amerudi kwenye kigoda chake, miguu imelowa hadi vifundoni, uso kwenye ukuta ule ule.

"Linavuja?"

Niligeuka nikalitazama lile bomba kupitia mlangoni.

"Halivuji, Tata."

Akainamisha kichwa akasikiliza, kwa muda mrefu, kuhakikisha.

"Ee," akasema. "Limefunga vizuri."